Magunia ya Sindano na Ahadi za Wakubwa

"Maji ya mtaa huu yananijua," Sindano alimwambia mke wake. "Hayaingii kwangu bila kupiga hodi."

Sindano alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule. Duka lake lilikuwa chini kuliko barabara, na mvua za siku hizi zilikuwa za mkupuo. Kwa hiyo alijaza vipande vya nguo kwenye magunia. Akayashona midomo kwa uzi mwekundu, mshono wa kwenda na kurudi, kama anavyoshona kola. Kisha akayapanga mlangoni.

"Umeyapamba kama yanakwenda harusini," mke wake alisema. "Yakisombwa je?"

"Kazi ya mkono wangu haifumuki."

Hapo hakudanganya. Alasiri mvua ilishuka, maji yakabeba magunia yote, na hakuna hata moja lililofumuka. Yalikwenda mazima mpaka kwenye kalavati chini ya barabara, yakaliziba kama kizibo cha chupa. Maji yakakosa njia, yakarudi. Yaliingia dukani bila hodi. Sare zilizokuwa zimepigwa pasi, zikisubiri shule kufunguliwa, ziligeuka matambara ya tope. Kwa mama mkwe wake, jirani na kalavati, godoro lilielea.

Sindano alikuwa ameyaona magunia yakiondoka. Alijua kilichoziba kalavati.

Kesho yake alijihimu, akayatoa peke yake na kuyaficha. Watu walipoamka walikuta kalavati liko wazi. Aliwaambia ameondoa taka peke yake, nao wakamsifu sana. Alizipokea sifa.

Jirani yao mkalimani alikuja kusaidia kukamua sare. Nchi zinapokutana kujadili mabadiliko ya tabianchi, yeye hukaa kwenye kijichumba cha kioo, akisikia lugha moja na kusema nyingine.

"Dada, huko kwenye viyoyozi, mvua hii mmeijadili?" Sindano alimchokoza.

"Kila mwaka. Makaa ya mawe na mafuta tunayochoma yameongeza joto duniani. Hewa ikiwa na joto inabeba maji mengi. Ikiyaachia, ndiyo haya. Nchi tajiri zimechoma zaidi, tena kwa miaka mingi. Mzigo wao ni mkubwa zaidi."

"Basi waje kukamua sare."

"Kila nchi huandika ahadi yake, kaka. Hata yetu. Iliahidi kulinda bonde la mto, ili linywe maji ya mvua."

"Bonde lipi? Hili lililomwagwa zege likawa yadi ya magari?"

"Hilo hilo. Ahadi yenyewe ilipita mdomoni mwangu."

"Na asiyetimiza anafanywa nini?"

"Anaulizwa."

"Akishaulizwa?"

"Anaulizwa tena mwaka unaofuata."

Sindano alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Serikali yetu tusipoiuliza sisi, nani ataiuliza?" mkalimani alisema. "Na sisi tuna letu. Kalavati lilizibwa na nini?"

"Taka za watu wa kule juu," Sindano alijibu haraka.

Wakazi walimwita diwani, wakamsomea ahadi ya nchi neno kwa neno. Baada ya mabishano marefu, nusu ya zege ilivunjwa, pakapandwa matete. Watu walipangiana zamu za kusafisha mfereji. Vipande vya nguo vya Sindano vikawa vinapelekwa kwa fundi magodoro.

Mvua kubwa iliyofuata ilipita bila kusimama mlangoni kwa mtu. Lakini ndani ya duka la Sindano mlikuwa kimya. Shule ilikuwa imeshampa kazi fundi mwingine.

Diwani alirudi kutazama. Sindano ndiye aliyesimama kusema.

"Mheshimiwa, nchi kubwa zinachafua, halafu zinasema si sisi. Nchi yetu inaahidi, halafu inasema si sisi. Mtaa huu hatuna tabia hiyo. Hapa kila mtu anabeba lake."

Watu walipiga makofi.

"Mkwe wangu," sauti ya upole iliita kutoka nyuma. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya gunia. "Tangu godoro langu liharibike, usiku naweka kichwa juu ya hili. Nililivuta kwenye kalavati kabla hujaja kuficha mengine."

Aliinuka, akaligeuza ili wote waone mdomo wake. Uzi mwekundu. Kwenda na kurudi.

"Nimelilalia miezi yote hii," alisema, "na halijafumuka hata kidogo. Hongera kwa kazi nzuri."