Sahani ya Saba

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, saa mbili na robo asubuhi, pale mtaalamu wa maabara ya hospitali alipofungua kabati la joto na kutoa sahani namba saba ya kuoteshea bakteria. Ilikuwa mahali pake, imepinduliwa kifudifudi kama desturi, namba imeandikwa kitakoni. Ila mistari iliyochorwa ndani haikuwa yake; mtu alikuwa ameibadilisha sahani.

Akapiga simu polisi.

"Afande, ndiyo tumeitiwa uji ulioganda?" sajini alinong'ona walipofika.

"Funga domo," Inspekta akamjibu. Akamgeukia mtaalamu. "Dada, nieleze taratibu. Mimi shule niliiona dirishani tu."

Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Wodi ya wazazi, ndani ya wiki mbili, mama watatu wamefariki baada ya upasuaji. Wa nne yuko kitandani na homa. Nilichukua usaha wa kidonda chake. Sasa usaha una bakteria mchanganyiko, kama shamba lisilopaliliwa. Lazima nimtenge yule muuaji."

"Unamtengaje?"

"Nachoma waya kwenye moto, nagusa usaha, nachora mistari pembeni mwa sahani. Nachoma waya tena, naburuta kidogo kutoka mistari ile kwenda robo ya pili. Nachoma tena. Nikifika robo ya nne wamebaki wachache, kila mmoja amekaa peke yake kama mpangaji mgeni. Huyo mmoja anazaa ukoo mzima, baba mmoja mama mmoja. Ukoo huo ndio niliuhamishia sahani ya saba. Kazi ya siku tano, afande."

"Halafu?"

"Leo nilikuwa niujaribie dawa, nijue ipi inaua. Na niulinganishe na ukoo mwingine, niliouotesha kutoka kwenye dawa ya kunawia mikono ya chumba cha upasuaji."

Sajini hakuwa na utani tena.

"Si uchukue usaha mwingine?"

"Mama ameshapewa dawa za kubahatisha. Usaha wake hauoteshi kitu, nimejaribu jana. Dawa ya kunawia naweza kuchota hata sasa hivi. Lakini ya mama ilikuwa hiyo moja tu."

"Ana muda gani?"

"Daktari anasema siku mbili."

Inspekta akaivuta sahani karibu. Mkewe naye alifia wodini, kidonda cha mguu tu, kidogo kama punje ya mahindi. Alipouliza kilichomuua, wakubwa walimwambia ni mapenzi ya Mungu, wakaingia mkutanoni. Tangu hapo alikuwa hajamwona Mungu akisaini karatasi. Wakubwa amewaona.

Alama za vidole hazikupatikana. Mwizi alivaa glavu. Kufuli halikuvunjwa. Inspekta akainua ile sahani ya bandia kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya ute ulioganda, kila robo ilipoanzia, palikuwa na kishimo cheusi.

"Hivi ni nini?"

"Waya uliingia ungali moto," mtaalamu akasema. "Ameunguza. Hapa hakuna anayefanya hivyo."

"Wenye funguo ni nani?"

"Mimi. Mama Mvuke, anayechemsha vyombo. Na Mkuu wa maabara."

"Waite. Leteni sahani tupu tatu."

Mtaalamu akachora wa kwanza. Alichoma waya, akaushika hewani, midomo ikicheza kimyakimya, kisha akachora. Hakuna kilichoungua.

Mama Mvuke alikuwa mtu mzima, aproni imelowa mpaka magotini. "Mwanangu, mimi kazi yangu masufuria ya wadudu," akamwambia Inspekta. "Lakini nimemtazama huyu binti miaka minane. Kwa macho, mimi ni mwizi." Akachoma waya, akahesabu kwa sauti mpaka kumi na tano, akachora. Mistari ilipinda kama njia ya mlevi, lakini ute ulikuwa mzima.

Mkuu wa maabara alikuja mwisho, na koti lake la suti.

"Inspekta, hili ni jambo la ndani. Mkurugenzi wa hospitali ameagiza tulimalize kifamilia."

"Familia ya nani, bosi? Chora tu, dakika moja."

Mkuu akatabasamu. Aliushika waya kwa madaha, mkono wa mtu aliyefunzwa vizuri zamani. Akauchoma mpaka ukawa mwekundu. Akauchomeka.

Chwii.

Kamoshi kembamba kakapanda. Mama Mvuke ndiye aliyesema. "Bosi, hukuhesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Waya huu mzito kupoa," mtaalamu akasema polepole. "Zile za zamani, za platini, zilikuwa zinapoa ukikohoa tu. Wewe mwenyewe ndiye uliyesaini zibadilishwe, miaka sita iliyopita, tuletewe hizi za bei rahisi. Hukuwahi kuzishika."

Inspekta akawatoa wengine, akabaki na Mkuu na sajini.

"Kwa nini sahani ya mama? Kwa nini si ile ya dawa ya kunawia?"

"Ile ingeoteshwa tena."

"Kwa hiyo ulijua."

"Niliona koloni za kijani, vile vidoa vya bakteria, kwenye sahani zote mbili. Jicho halijazeeka." Mkuu alikaa kwenye kiti cha mtaalamu, kikamlalia upande. "Kila pipa la dawa hiyo likiingia, sisi ndio tunaolipima. Mhuri wangu ndio unaosema ni salama."

"Ulipima?"

"Miaka sita sijapima hata moja. Ofisi ya Mkurugenzi ilitaka vyeti, haikutaka majibu. Januari navigonga mhuri vya mwaka mzima."

"Vya mapipa ambayo hayajafika?"

"Ndiyo."

"Sahani iko wapi?"

Mkuu akafungua kifungo cha koti.

"Uliichemsha?"

"Nilifika nayo mpaka kwenye mtungi wa mvuke. Ilikuwa safi, Inspekta. Koloni kumi na moja, zote sura moja. Mwalimu wangu alikuwa akisema, sahani safi haiharibiwi kabla haijasema ilichonacho. Mkono ukakataa." Akafuta uso kwa kiganja. "Iko kwenye friji ofisini kwangu. Baridi haiwaui. Inawalaza."

"Sahani uliihurumia," Inspekta akasema. "Haya, sajini, pingu."

Alhamisi asubuhi dawa ya kumtibu mama ilijulikana. Ukoo wa kidonda na ukoo wa pipa ulikuwa mmoja. Ijumaa homa ya mama ilishuka, akaomba maji, kisha akaomba aletewe mtoto.

Mkurugenzi alikuja wodini na tai mpya. Akasema uzembe wa mtumishi mmoja umeshughulikiwa, taasisi ni imara. Inspekta akamuuliza ni nani aliyekuwa akivipokea vile vyeti vya Januari. Mkurugenzi akatazama saa.

Mume wa yule mama, fundi viatu, gundi imekauka vidoleni, alikuwa amesimama kando ya kitanda. Hakuwa msemaji.

"Samahani wakubwa," akasema. "Wale kina mama watatu. Nilikutana na waume zao hapo nje, siku za kuchukua maiti. Waliambiwa ni kazi ya Mungu, wakashukuru, wakaenda kuzika."

Muuguzi akaacha kukunja shuka.

"Sasa nani atakwenda kuwaambia?"