Mlio Ndani ya Kompyuta ya Shamsa

Kila asubuhi Shamsa hufagia studio yake ya picha mjini Bukoba, kisha huwasha kompyuta. Siku moja kompyuta iligonga: ta, ta, ta. Ikanyamaza. Ikagonga tena.

Kwenye benchi aliketi mzee Rugaibula, aliyetoka kijijini Kishanda alfajiri. Mkewe alikuwa amefariki. Mazishi yalikuwa saa kumi jioni, na picha pekee ya marehemu ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo.

"Ni senene tu," alisema Hafidhi, mume wa Shamsa. "Msimu huu panzi hao wanaingia hata kwenye viatu. Ngoja nimtoe."

Akalitikisa kasha la kompyuta. Mlio ukazidi. Skrini ikaganda.

"Acha!" Shamsa alipiga kelele. "Nenda kamwite Rahul!"

Rahul, fundi wa duka la jirani, alifika na bisibisi mkononi. Akasikiliza.

"Zima, dada. Kuna aliyeitikisa?"

Hafidhi alitazama dari.

"Feni ikigusa waya hukwaruza mfululizo," Rahul alieleza. "Hii inagonga kwa vipindi. Tuhakikishe."

Alifungua kasha, akachomoa waya wa diski kuu, kifaa kinachotunza picha zote. Akawasha. Feni ilizunguka. Mlio haukusikika.

"Basi ni diski. Ndani yake huzunguka sahani, na mkono mwembamba huisoma. Ukiitikisa, mkono huikwaruza sahani, na picha hupotea. Senene wapi, kaka?"

"Hata kwetu senene hawagongi, waitu," alisema Rugaibula taratibu, kwa heshima ya Kihaya.

Shamsa hakucheka. "Picha ya mama itapatikana?"

"Siahidi. Diski ikiamka, tunakili hiyo kwanza. Huenda isiamke tena."

Rahul aliunganisha diski na kompyuta yake. Ta. Ta. Kimya. Kisha majina ya picha yakatokea. Shamsa alionyesha moja kwa kidole. Kunakili kulianza, kukasimama, kukaendelea, kukaisha. Rahul alipogeukia picha za harusi, diski iligonga mara mbili, ikafa.

Shamsa aliichapa picha ya marehemu, na Rugaibula akaondoka nayo kuwahi mazishi. Picha za harusi tatu zilipotea, na Shamsa aliwaomba radhi wenye harusi mmoja mmoja.

Tangu hapo hunakili kila picha siku hiyohiyo katika diski mbili. Moja hukaa studio, nyingine nyumbani. Akisikia mlio mgeni, huzima kwanza, ndipo humwita fundi.

Miezi miwili baadaye Rugaibula alirudi. Mvua ilikuwa imeiharibu picha ukutani.

"Mnayo bado?" aliuliza, akibaki mlangoni.

"Tunazo nakala mbili, baba," Shamsa alijibu. "Karibu uketi."