Abiria wa Qingtian

Zipu ya sanduku ilipasuka mbele ya kaunta ya mizigo, katikati ya ukumbi wa uwanja wa ndege wa Pudong, Shanghai, uliofurika watu, na vitu vikamwagika miguuni pa Gu Zhenhai: tambi kavu za mchele, kamba wakavu kwenye mifuko, na nguo za mtoto, nyekundu na njano, nyingine bado zina vibandiko vya dukani.

"Samahani, kaka," alisema mwenye sanduku akichutama kuokota. Alivaa koti la manjano lililomkaa kiunoni kama lilishonewa mwilini mwake, na nywele zake fupi zilikatwa kwa ustadi unaoonekana hata na mwanamume asiyejua mambo hayo. "Usisimame tu. Au mpaka nikuajiri?"

Gu akacheka, akachutama naye. Sanduku lilipogoma kufungwa, alilikalia.

"Kalia kwa nguvu. Mtu mzima hivyo huna hata uzito?"

"Chakula cha ndege hakinenepeshi, bi dada."

"Basi unasafiri sana."

"Kuliko ninavyolala."

Wakalifunga kwa mkanda wa Gu. Mwanamke akashukuru, akamwachia harufu ya sabuni ya nywele, kisha umati ukammeza. Haikupita muda Gu akainua bendera yake ya kijani na kuanza kuita abiria wake wa ziara ya Ulaya. Alipofika kwa Ke Yalan wa Qingtian, koti la manjano likajitokeza nyuma ya watu.

"Kumbe wewe ndiye kiongozi," alisema Yalan. "Na mimi nimekukalisha juu ya sanduku."

Watu wakacheka. Gu naye alicheka, lakini alilitazama tena lile sanduku. Kila kiongozi wa misafara aliijua Qingtian. Nusu ya watu wa kule wako Ulaya, na wengi walikwenda hivi hivi: unalipia ziara, unapanda basi, unapiga picha mbili tatu, halafu siku moja kiti chako kinabaki kitupu. Bosi wake, Bibi Qiu, alikuwa ameshamwonya kwamba abiria akitoroka, leseni ya Gu itamfuata. Na huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, hana mume, hana mtoto, ana saluni yake mwenyewe, na sanduku limejaa nguo za mtoto.

Gu hakumwambia mtu alichokiona.

Frankfurt waliiona dirishani. Paris waliipa siku moja na nusu, na ile nusu iliishia kwenye foleni ya mikoba, ambako mke wa Bwana Rao, mwenye kiwanda cha soli za viatu, aliwangojesha wote hadi soksi zikalowa mvua. Dereva wao alikuwa Zoltán, Mhungari mwenye masharubu mazito aliyejua maneno matatu tu ya Kichina: "haraka", "choo" na "wangapi". Kwa safari ile yalitosha. Shukeni, pigeni picha, choo, pandeni. Nchi zilipita kama nguo zinazopitishwa mbele ya mnunuzi asiyenunua.

Kwenye kona za milimani Yalan alitapika. Mama Tong, kondakta mstaafu wa mabasi ya Shanghai, alimshika mkono na kumleta kiti cha mbele, kando ya Gu.

"Mwanangu, huyu akae hapa apate hewa," alisema. "Na wewe upate mtu wa kukuchangamsha. Sura yako imekuwa kama notisi ya kukatwa maji."

"Mama, nipo kazini."

"Nani kakukataza kazi? Nimesema ukae naye, sijasema umwoe. Hilo la pili tutalizungumza Uswisi."

Yalan alimtazama Gu kwa pembe ya jicho. "Eti umewahi kuoa?"

"Niliwahi. Alisema nampigia simu kutoka miji mizuri mno."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa Vienna. Simu ilikatika."

Yalan alicheka mpaka kichefuchefu kikamtoka. Tangu hapo, abiria wakisinzia, wao walizungumza. Alimweleza kuhusu wateja wake wanaotaka nywele za waigizaji juu ya nyuso za majirani. Gu alimweleza jinsi alivyowahi kumsahau mzee mmoja chooni Brussels. Lucerne, kando ya ziwa, upepo ulipouma, Gu alimvisha Yalan skafu yake, na vidole vyake vikachelewa kidogo shingoni mwa mwanamke. Yalan hakuviondoa.

"Zhenhai," alisema, kwa mara ya kwanza bila kumwita kiongozi. "Kuna jambo nataka kukuomba. Siyo leo. Kesho, nikipata ujasiri."

"Niombe sasa."

"Kesho."

Kesho yake walisimama kwenye kituo cha barabara kuu, karibu na handaki refu la kuingilia kusini. Abiria walikimbilia choo. Simu ya Gu ikalia.

"Yule wa Qingtian yuko wapi?" Bibi Qiu hakuwa na salamu.

"Yupo, bosi."

"Mnaingia Italia. Huko ndiko wanakopotelea. Una uhakika gani naye?"

Gu alikuwa amechoka, na alitaka tu simu ikatwe. "Usiwe na wasiwasi. Nimemweka kiti cha mbele makusudi. Namzungumzisha, ameshaniamini. Simwachi hata hatua moja."

Alipogeuka, Yalan alikuwa nyuma yake, ameshika vikombe viwili vya maji ya moto. Alimkabidhi kimoja taratibu, bila kumwaga.

"Kunywa," alisema. "Kulinda watu kunakausha koo."

"Yalan, sikiliza. Yule ni bosi, ilibidi..."

Hakusikiliza. Alipanda basi, akapita kiti cha mbele, akaenda kukaa mstari wa mwisho, uso dirishani. Mama Tong alimtazama, akamtazama Gu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Florence ilikuwa na jua na watu kama siafu. Gu aliwapa muda wa picha na wa kununua mikanda ya ngozi, akasisitiza mahali pa kukutana. Walipokusanyika, alihesabu. Akahesabu tena. Lile koti la manjano halikuwepo.

Alipiga simu. Iliita, ikaita, halafu ikapokewa. Upande wa pili wa simu mashine za kushonea zilikuwa zikinguruma.

"Uko wapi?"

"Prato, mji wa jirani. Kwa mdogo wangu."

"Una mdogo Prato?"

"Miaka tisa sijamtia machoni. Hana karatasi, hawezi kurudi nyumbani, na stesheni za treni anaziogopa kwa sababu ya polisi. Mwanawe ana miaka minne, leo ndiyo nimemshika mara ya kwanza. Nilisema nitakuja, nitamkumbatia, nitarudi kabla hamjaondoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia. Halafu nikajua nazungumza na mlinzi wangu. Mlinzi haombwi ruhusa, hukimbiwa."

Gu alifumba macho. "Unarudi?"

"Nimetoka stesheni sasa hivi. Wafanyakazi wa treni wamegoma tangu nilipofika. Foleni ya teksi imezunguka jengo zima, nimerudi kwa mdogo wangu." Sauti ikapungua. "Najua utaniripoti. Nakuomba kitu kimoja tu. Wakikuuliza niko wapi, usiwataje hawa."

Simu ikakatika. Kabla Gu hajavuta pumzi, ikalia tena. Bibi Qiu.

"Florence tayari? Wote wapo?"

Kanuni ilikuwa wazi: mtu akikosekana, unaripoti, polisi wanataarifiwa, wewe unabaki safi. Na polisi wakianza kumtafuta mtu wa Qingtian, mahali pa kwanza ni vyumba vya kushonea vya Wachina wa Prato. Gu alimfikiria yule mtoto katika nguo mpya.

"Wapo, bosi. Wote."

Bwana Rao alikuwa amesimama karibu, na alisikia. "Wote?" aliuliza. "Mimi sioni wote. Yule mwanamke ametoroka, wewe unamficha? Sisi tumelipa kuja kutalii, siyo kuingizwa kwenye mambo ya wahamiaji. Piga simu polisi, tuondoke."

Minong'ono ikasambaa. Zoltán aligusa saa yake: sheria ilimbana, jioni ile lazima awe amezima injini hotelini Montecatini. "Haraka," alisema, na hakikuwa kichekesho.

Gu alipanda ngazi ya basi, akawageukia. Angeweza kudanganya tena. Aliwaambia kweli yote: mdogo mtu, miaka tisa, mtoto, mgomo wa treni. "Prato iko njiani," alimaliza. "Nataka tupite tumchukue. Lawama ni zangu. Lakini nyie ndio mnaocheleweshwa, kwa hiyo nawauliza."

"Na akikataa kupanda?" Bwana Rao alisema. "Akibaki? Utasema nini?"

"Sijui."

"Hajui," Bwana Rao aliwaambia wenzake. "Kiongozi hajui."

Mama Tong aliinuka. "Bwana Rao, Paris tulisimama mvuani kwa ajili ya mkoba wa mkeo. Mkoba huo una mdogo wake? Una miaka tisa haujaonana na mtu? Basi kaa chini. Dereva, haraka."

Hakuna aliyeshangilia. Lakini hakuna aliyepinga, na Zoltán akawasha injini.

Gu alimtumia Yalan jina la kituo cha mafuta karibu na njia ya kutokea barabara kuu. Hakupata jibu. Njia nzima alishika simu mkononi, na kila kilomita ilimuuliza mtu aliyekwisha kufika kwa ndugu yake ana sababu gani ya kujibu. Walipoegesha, kituo kilikuwa kitupu. Dakika zikapita. Zoltán aliitazama saa yake, akaitazama barabara, akawasha sigara ambayo Gu hakuwahi kumwona akivuta.

Kisha wakatokea nyuma ya ghala la vitambaa: koti la manjano, na pembeni yake mwanamke mwembamba mwenye nyuzi zimemng'ang'ania kwenye sweta, amemshika mkono msichana mdogo aliyevaa nyekundu. Walisimama mbali, karibu na ukuta. Gu alishuka peke yake.

Mdogo mtu hakumwachia Yalan mkono. Alisema kwa Kichina cha wote, siyo kwa lugha ya kwao, ili Gu asikie vizuri: "Baki, dada. Kuna mashine haina mtu pembeni ya yangu. Qingtian kuna nini cha kukurudisha? Huyu anayekuchunga?"

Uso wa Yalan ulikuwa umevimba kwa kilio. Alimtazama Gu, akangoja.

Gu alifungua begi lake la kiunoni. Pasi za kusafiria za kundi zima zilikuwa humo, kama zilivyo kwa kila kiongozi. Alitafuta moja, akamnyooshea.

"Ya nini hii?"

"Ni yako. Shika mwenyewe. Ukipanda, upande kwa miguu yako. Ukibaki, sikukuona."

"Na wewe?"

"Nitatafuta kazi nyingine."

Yalan aliipokea, akaifumbata kiganjani. "Yale maneno ya kwenye simu."

"Nusu yake kweli. Nilikuacha ukae karibu makusudi. Sababu ndiyo niliyomdanganya bosi."

Alisema hayo, kisha akarudi hadi nyuma ya basi, mbali na mlango, mahali ambapo asingeweza kumzuia mtu wala kumwita. Alikiangalia kibati cha namba cha basi kwa sababu hakuweza kuangalia kitu kingine. Alisikia sauti ya Yalan, chini, na safari hii ilikuwa lugha ya kwao. Akaisikia ya mdogo wake ikipanda, ikakatika. Mtoto akauliza kitu.

Kisha akasikia miguu kwenye kokoto, na hakujua inakwenda upande gani, mpaka ngazi ya basi ikalia.

Gu naye alipopanda, Yalan alikuwa kiti cha mbele, pasi bado mkononi. Nje, mdogo wake alikuwa amempakata mtoto, na mtoto alikuwa akipunga mkono kwa basi zima. Mama Tong akampungia. Kisha mmoja mmoja, dirisha hadi dirisha, nao wakapunga. Mke wa Bwana Rao pia.

Walikwisha kuingia barabara kuu Yalan aliposema, "Nimemwambia kwamba mama anangoja nimsimulie mjukuu wake. Nikibaki, atakuwa amepoteza wawili."

"Ni kweli hiyo?"

"Ni kweli. Lakini siyo yote." Aliegemeza kichwa kwenye bega la Gu. "Usiniulize iliyobaki. Bado nimekukasirikia."

Hawakufuatwa na polisi, na kundi lilirudi Shanghai kamili. Lakini Bwana Rao alishitaki, na Bibi Qiu alimwita Gu ofisini.

"Alirudi," Gu alisema.

"Ulijua atarudi?"

"Hapana."

"Basi weka kitambulisho chako mezani."

Kwa wiki kadhaa walizungumza kwa simu, kila jioni Yalan akifunga saluni. Alimtania Gu kwamba sasa anampigia kutoka mji mmoja tu, mbaya, na simu haikatiki. Gu hakumwambia siku atakayopanda treni. Alitokea tu Qingtian asubuhi ya Jumamosi, saluni imejaa wanawake wenye vichwa vya povu, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi.

Yalan alimtazama kwenye kioo. Akamfunga kitambaa shingoni, akachukua mkasi.

"Umekuja kutalii?"

"Nimepata kazi Yandang, mkoa huu huu. Natembeza watu milimani. Wanapanda asubuhi, wanashuka jioni, kila mtu analala kwake."

"Na wewe unalala wapi?"

"Ndilo nililokuja kukuuliza."

Mashine za kukaushia nywele zikazimwa moja baada ya nyingine. Wanawake walitaka kusikia.

"Yalan, kubali nikuoe," alisema Gu. "Sina kiwanda, sina leseni. Nina mshahara mdogo na mama mmoja anayepika chumvi nyingi."

Mkasi ulisimama kando ya sikio lake. Kwenye kioo, macho ya Yalan yalijaa, akayapepesa.

"Usitikise kichwa," alisema.

"Sijatikisa."

"Jibu ni ndiyo. Ila kaa tuli, nimebakiza upande mmoja."