Usiirudishe Nyuma

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo, hata fundi akaicheka. Kila alipojaribu kuihamisha kanda ya marehemu mama mkwe kwenye DVD, mashine ya kurekodi ilikwenda vizuri, lakini ikifika mahali palepale inakata na kuandika kwamba hairuhusiwi kunakili. Hairuhusiwi na nani? Kanda yenyewe ilipigwa nyumbani, na shemeji aliyeshika kamera kama amebeba trei ya mayai.

"Mashine inamwogopa mama mkwe," alimwambia mkewe. "Hata mimi nilimwogopa."

Mkewe hakucheka. Mama yake alifariki kabla simu za kurekodi hazijaenea, na sauti yake ilibaki mle tu, kwenye kanda iliyoanza kuota ukungu.

"Picha sina haja nayo, fundi," alisema. Alimwita hivyo hata nyumbani, kwa utani. "Nataka sauti. Nimeanza kuisahau."

Fundi alikuwa na mtindo wake wa kazi. Sauti ya televisheni aliizima kabisa, kwa kuwa kanda mbovu hupiga makelele ya kuumiza kichwa, na yeye alizoea kukagua picha tu. Kanda ikikwama, huirudisha nyuma hadi mwanzo ili ilegee, kisha anaanza upya. Basi akasafisha deki kwa pamba na spiriti, akabadilisha waya, akairudisha. Mama mkwe akatokea tena, ameketi kwenye kiti cha mbao, akizungumza bila sauti, na nyuma yake mlango uliofungwa.

Akairudisha tena na tena, mpaka akagundua kwamba mlango ule haukuwa umefungwa. Ulikuwa wazi upana wa kidole. Alijiambia kanda imevutika. Alipoirudisha, ukawa upana wa kiganja. Chumba cha kazi kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Akanusa plagi zote, asione kilichoungua. Akaanza upya, na safari hii mama mkwe alikuwa amegeuka nusu, mkono mmoja ameunyoosha nyuma kuukandamiza mlango, midomo ikienda mbio, macho yakimtazama yeye moja kwa moja, na fundi, ambaye angeinuka wakati ule angeokoka, aliona aibu kushindwa na kazi ya mkewe mwenyewe, akachukua kiboksi kimoja cha kutuliza picha mbovu, akakiunga kati ya deki na mashine, akabonyeza kurekodi.

Mashine ikakubali. Kanda ikapita pale pa kukwama bila kutikisika. Fundi akafurahi kama mtoto, akamwita mkewe, akaiweka diski, akapandisha sauti.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na kutoka gizani ilisikika sauti iliyokauka, ya mtu aliyeita mchana kutwa. "Mwanangu, mwambie mumeo asiirudishe nyuma. Nimechoka kuuzuia mlango huu."

"Hukumsikia?" mkewe alinong'ona.

"Nilizima sauti."

"Muda wote?"

Fundi akaitoa diski.

Walimpigia simu mganga mmoja mjuzi wa majini. Aliwasikiliza kwa utulivu. "Ichomeni leo leo," alisema. "Kanda ikiisha, mama na huyo anayezuiwa mlangoni wameisha wote."

"Na nakala?" fundi aliuliza.

"Nakala gani?" Fundi akaeleza kuhusu diski, na mganga akasema, "Basi huyo wa mlangoni mmempa mlango wa pili. Wa kwanza ningewasaidia kuufunga. Huo mwingine, ndugu yangu, siuwezi." Akakata simu.

Kanda waliichoma. Diski, mkewe alisema ataivunja mwenyewe, na fundi akajifanya kuamini, maana hakuwa na moyo wa kumuua mama wa watu mara ya pili. Siku zilizofuata mkewe alichangamka, akawa anaimba jikoni nyimbo ambazo fundi hakuwahi kuzisikia. Nguo zake zilinuka nywele zilizoungua. Fundi aliinusa harufu ile, akaogopa, akaendelea na kazi.

Mchana mmoja alirudi kutoka kununua waya, akakuta nyumba kimya. Kandambili za mkewe zilikuwa mbele ya televisheni, zimeelekea kioo. Ndani ya kioo alikuwa mkewe, ameketi kwenye kiti cha mbao, mkono ameunyoosha nyuma kuuzuia mlango, midomo ikicheza bila sauti.

Fundi alipandisha sauti.

"Mama amechoka, nimempokea," mkewe alikuwa akisema. "Nimeushika, umefungwa. Lakini fundi, nakuomba, usiirudishe nyuma."

Diski ikafika mwisho, na kioo kikabaki bluu. Fundi aliketi sakafuni akilia, rimoti mkononi. Alimwita mkewe kwa jina lake, akaita mpaka sauti ikamkauka, na kioo hakikubadilika. Alijizuia hadi jua lilipozama.

"Mara moja tu," alisema, akabonyeza.

Mkewe akatokea. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi upana wa kidole.