Jini Aliyelazimishwa Kuingia

Mniwie radhi, hadithi hii nitaiharibu. Majini wenyewe hawanipendi, maana nacheka kabla hatujafika kwenye kutisha.

Ofisini kwetu, tunakotengeneza tovuti za watu, mezani kwa Mama Rangi, mke wa kaka yangu, palianza kunuka nywele zilizoungua. Mchana kweupe. Muda mfupi kabla alikuwa amesasisha plagini, kile kiprogramu kinachopanga rangi na mitindo ya kurasa, kwenye tovuti ya duka la dawa. Kompyuta ilimwonya kwamba plagini mpya haipatani na programu kuu inayoibeba, ambayo bado ni ya zamani. Yeye na haraka zake akaandika ile amri yetu ya aibu: lazimisha. Kisha akapeleka kazi hewani.

Ndipo kwenye kurasa za tovuti ile maneno mekundu ya onyo, "Usimpe mtoto", yakaanza kufifia dawa baada ya dawa, yakawa meupe juu ya weupe, huku feni ikikoroma kama mtu aliyekabwa na mto, na vitufe vya kibodi vikibonyea vyenyewe, polepole, bila kidole, vikiandika katikati ya skrini maneno ambayo hakuna aliyetaka kuyasoma na sote tuliyasoma: UMENILAZIMISHA KUINGIA. SITOKI.

"Shemeji," akaninong'oneza, "kuna wazazi wanasoma dozi humu sasa hivi."

"Tukimbie kwanza. Tutawahurumia tukiwa barabarani."

"Kimbia wewe. Mimi na huyu tutajuana leo."

Akavuta kiti mpaka pua ikakaribia skrini. "Wewe, umekuja nyumba isiyokutosha, unafuta maonyo ya watoto wa watu, halafu unajiita jini? Huna hata haya."

Akafuta folda nzima ya plagini na vyote vilivyoingia nayo. Spika zikalia kilio kirefu, baridi ikanipanda shingoni. Yeye hakupepesa jicho. Akaleta programu kuu mpya na plagini inayopatana nayo, akasoma matoleo yote mawili kwa sauti, akayafunga yasibadilike kiholela, akaijenga tovuti upya bila kulazimisha chochote, akairudisha hewani.

Wekundu ukarudi. Harufu ikakatika pale mezani.

"Ameenda wapi?" nikauliza kwa sauti ya chini.

Akanusa hewa, akaifuata harufu mpaka kwenye kompyuta yangu, ambayo sijawahi kuisasisha tangu niinunue.

"Yupo kwako, shemeji."

Yumo mpaka leo, na simlaumu. Hata ningekuwa jini mimi, ningetafuta mwenye nyumba mvivu kama mimi.