Baba Hajulikani

Ngumi ya pili ilimwangusha Namegabe juu ya jiko la makaa, maharage yakamwagika uani. Salvator akamkalia kifuani, akamkaba koo.

— Sema mutoto si wako.

— Ni wangu.

Akapigwa tena, jino likatoka. Dévote, kichanga kikiwa mgongoni, alishika mchi akamtwanga kaka yake begani. Salvator hata hakugeuka.

Msidhani Salvator alimchukia yule mtoto. Alimpenda kupita kiasi, na hilo ndilo lililokuwa balaa. Namegabe ni mkimbizi kutoka Bukavu, hawajafunga ndoa, na sheria ya Burundi humpa mtoto uraia wa baba. Mama Mrundi kama Dévote humpa wake pale tu baba asipojulikana. Kesho yake mtoto alikuwa anaandikishwa, kwa hiyo Salvator alitaka baba apotee kwenye karatasi. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, lakini wahenga hawakuwahi kupanga foleni ofisini.

Asubuhi ujumbe wa Namegabe ukaingia kwenye simu ya Dévote: "Chérie, kaka yako ana haki. Wacha nimukane mutoto. Apate karata ya uraia, asiteswe na polisi ku barrière kama mi. Nakupenda."

Dévote alilia kwa hasira, akamfunga mtoto mgongoni.

Ofisini, karani akauliza baba ni nani. Salvator akamsukuma Namegabe mbele. Jicho moja la Namegabe lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

— Mi simujue huyu mwanamuke, akasema.

Kofi la Dévote likamyumbisha.

— Uandike Namegabe. Baba ni yeye.

Karani alimweleza kwa upole kwamba mtoto atakuwa mgeni hapahapa alipozaliwa. Dévote akarudia jina lilelile. Salvator akapandwa na mori, akamrukia Namegabe, na ngumi yake ikampata dada yake aliyejitupa katikati. Mdomo ukapasuka. Mtoto akaanza kulia, na Salvator akabaki anautazama mkono wake.

— Umemunyanganya mutoto inchi yake, akasema huku machozi yakimtoka.

Dévote akatema damu.

— Inchi ndiyo inamunyima karata, kaka. Mi sitamunyima baba.

Akafungua kitenge, akampa Namegabe mtoto ambebe. Karani akaandika.