Maji ya Kijani Kinamasini

Kila asubuhi Chiriku alichuja maji ya chai mara mbili kabla ya kuyabandika. Leo kitambaa kilikuwa bado mkononi simu ilipotetemeka.

"Wageni wanaelekea shambani," alisema mkuu wake. "Bomba limefungwa."

"Nimeelewa, Mzee."

Akazima jiko.

Chiriku alikuwa jasusi wa kitengo cha kulinda mito. "Wageni" ni hakimu na mawakili, waliokuwa wakienda kukagua kinamasi ambamo shangazi yake alichota maji mpaka mikono ikamchubuka. Kiwanda cha ngozi kilikana kumwaga sumu humo. Hakimu akikuta maji safi, kesi ingetupwa na kinamasi kingekabidhiwa kiwanda.

Jana mchana, kwa kibali cha siri alichosaini hakimu mwenyewe, Chiriku alivaa ovaroli la wafagiaji akamimina rangi ya kijani isiyodhuru ndani ya tangi la majitaka la kiwanda. Hakuna aliyemtazama usoni. Pale, mwenye ufagio hahesabiwi kuwa mtu.

Sasa ilibaki bomba lifunguliwe.

Honda yake ilipasua vumbi. Nyuma yake ikachomoza Land Cruiser ya walinzi wa kiwanda, walioamriwa kumzuia yeyote asifike kinamasini siku hiyo.

Risasi moja. Kioo cha pembeni kikaruka.

Akakata kona, akaingia kwenye matete kwa njia ya wachota maji. Gari likamfuata, likazama mpaka milangoni. Mabwege. Miaka yote wamekichafua kinamasi, hata kina chake hawakijui.

Akachomoa redio ya Motorola aliyoichukua jana kiwandani. Mkurugenzi wa kiwanda, aliyejiona ana akili kuliko wote, alikuwa amepiga marufuku watu kutajana majina redioni. Amri za bomba alizitoa katibu wake tu. Basi sauti yoyote ya kike ilikuwa ya katibu.

"Wageni wameondoka. Fungua."

"Wote, mama?" akauliza mlinda bomba.

"Nikuletee na picha zao?"

"Nafungua, mama."

Chiriku akasogea karibu na ukingo walikosimama wageni, kofia ya pikipiki kwapani. Mkurugenzi, kiatu cheupe, tabasamu la kukodi, alikuwa akimweleza hakimu jinsi anavyowapenda ndege wa pale kama wanawe wa kuzaa.

Chini ya matete, bomba likakohoa.

Maji ya kijani yakaruka, yakamlowanisha mkurugenzi suruali.

Hakimu, mama mpole, akauliza kama hayo nayo ni ndege. Wakili wa kitengo akaeleza rangi ile ilitiwa kwenye tangi la nani. Mkurugenzi akaanza tena kuhusu ndege. Hakimu akamwomba aache mapambo, aseme.

Karani wa mahakama alikuwa ameshika kalamu. Chiriku alikuwa keshageuka, anatembea taratibu kuifuata pikipiki yake, aliposikia mkurugenzi akipasuka kwa hasira nyuma yake.

"Sasa mlitaka nimwage wapi, sebuleni kwangu? Hili ni dimbwi la vyura na watu wasio na maana. Nimemwaga miaka yote. Na mkiondoka, namwaga tena."